Mwanangu aliniambia kwamba na mimi "ninaamini tu"

Shangazi, shikamoo.

Ninakuandikia saa tisa na nusu za usiku, na huu ni usiku wa tatu mfululizo ninaamka na kuketi mezani bila ya kujua nilichokijia. Sikuandikii ili uamue kati ya dini na sayansi, maana kesi hiyo ni nzito kuliko safu yako na, kwa kusema kweli, mimi na mdogo wangu hatujagombana. Mimi nafundisha fizikia mwaka wa kumi na tisa sasa. Yeye amesomea dini, na watu humsikiliza. Tumeishi tukiheshimiana na sijapata kumdharau, ingawa najua wapo watakaokuambia kwamba nimewahi.

Jambo lenyewe lilianza na uzi. Nilikuwa nimefunga nati ya chuma kwenye uzi wa urefu wa mita moja na kuutundika juu ya mlango, binti yangu akawa anahesabu mibembeo huku nikishika saa. Mibembeo kumi ilichukua takriban sekunde ishirini. Tukaweka nati nzito zaidi, zikawa ishirini zilezile, naye akaandika kwenye daftari kwa ule mwandiko wake wa kubana. Kisha akaniuliza: "Baba, umejuaje kwamba na kesho zitakuwa ishirini?" Nikamjibu kwamba imekuwa hivyo siku zote. Mdogo wangu, ambaye nilidhani anasoma kitabu chake, akasema kwa upole kabisa: "Na umejuaje kwamba mambo ya siku zote yanaifaa kesho, kama si kwa sababu siku zote yameifaa?" Binti yangu akatutazama sote wawili, akacheka, akasema: "Kumbe na wewe unaamini tu, baba."

Ni hilo neno "tu", Shangazi. Angesema ninaamini, ningelala.

Usidhani hoja ile ilikuwa mpya kwangu. Mwanafalsafa David Hume aliiandika mwaka 1748, na zaidi ya miaka mia sita kabla yake Imamu Ghazali alikwisha kusema kuhusu pamba na moto kwamba tunachokiona ni pamba kuungua pale inapogusana na moto, wala macho hayajapata kuuona ulazima wenyewe unaoviunganisha viwili hivyo. Najua pia kwamba hata hisabati, ambayo watu huidhania kuwa haina imani ndani yake, huanzia kwenye kauli zinazokubaliwa bila kuthibitishwa, na kwamba mwaka 1931 mwanahisabati Kurt Gödel alionyesha kuwa mfumo wenye nguvu ya kutosha kubeba hesabu, iwapo haujipingi, hauwezi kuthibitisha kwa nyenzo zake wenyewe kwamba haujipingi. Haya nimewafundisha wengine. Kwa hiyo si ujinga ulionifunga mdomo, na ningependa uliweke hilo akilini utakapokuwa unanijibu.

Wala sikunyamaza. Nilimweleza binti yangu habari ya kugunduliwa kwa sayari ya Neptuni, nikiwa nimesimama, kama nilivyo darasani. Sayari ya Uranusi ilikuwa inakengeuka njia ambayo sheria ya Newton iliipangia. Mfaransa Le Verrier hakuitupa sheria. Alisema lazima kuna sayari nyingine isiyoonekana inayoivuta, akapiga hesabu ya mahali ilipo na kuandika barua Berlin. Usiku uleule barua ilipofika, tarehe 23 Septemba 1846, mwanaastronomia Galle aligeuza darubini na kuikuta chini ya digrii moja kutoka pale palipotajwa. Nikamgeukia mdogo wangu nikamwambia: imani yangu huandika barua, ikajibiwa usiku uleule, ya kwako je? Nakiri kwamba sauti ilinipanda. Nikamuuliza pia ni jambo gani likitokea angeacha kuamini, swali ambalo naliona ni la haki mpaka sasa.

Hakukasirika. Alinikumbusha kwamba Ghazali huyohuyo, aliyeacha kiti chake cha ualimu Baghdad mwaka 1095, alisimulia kuwa kuna wakati alitilia shaka macho yake, maana kivuli huonekana kimetulia ilhali kinasogea, kisha akashuku hata kwamba kumi ni nyingi kuliko tatu; akakaa katika hali hiyo karibu miezi miwili, na kilichomtoa hakikuwa hoja bali nuru ambayo Mungu aliitia kifuani mwake. "Yeye alirudi kwa nuru," akasema, "na ameisema wazi. Wewe, kaka, kwenye kumi yako na tatu yako ulirudi kwa kitu gani?" Halafu akaniuliza ni jambo gani likitokea ningeacha kuamini kwamba mambo yana sababu. Nilisema nitafikiri. Nimefikiri usiku tatu, na kila tukio ninalolibuni najiona nikilitafutia sababu.

Sasa nifike kwenye lile ninaloliona aibu kuliandika. Neptuni haikuwa habari nzima. Sayari ya Utaridi nayo ilikuwa na kasoro ndogo katika mzunguko wake, na Le Verrier, akiwa na sheria ileile na imani ileile, mwaka 1859 alifanya kama alivyofanya mwanzo: akasema pana kitu kisichoonekana karibu na jua. Sayari hiyo ikapewa jina, Vulcan. Watu wakaitafuta, wapo waliotangaza kwamba wameiona, na yeye mwenyewe alifariki mwaka 1877 akiwa bado anaamini ipo. Haikuwapo. Mwaka 1915 Einstein alionyesha kwamba sheria yenyewe ndiyo iliyohitaji kurekebishwa. Niliyajua haya nilipokuwa nimesimama pale, yalinifika mpaka ulimini, nikayameza kwa sababu mwanangu alikuwa ananitazama. Nimewaonya wanafunzi miaka yote hii wasifiche kipimo kinachowaharibia grafu, na mimi nikaficha sayari nzima.

Unaweza kuniambia kwamba Vulcan ndiyo hoja yangu bora, kwa kuwa sayansi iliiacha ilipobidi. Nimejiambia hivyo saa saba ya usiku, nikaridhika, na saa nane nikamkumbuka yule mzee aliyekufa akiisubiri nikaona sijui tena ni nani kati yetu watatu anafanana naye. Sitaki kumwomba radhi mdogo wangu, sikumkosea. Lakini jana alipiga simu nikaiacha iite mpaka ikakata, na ningefurahi kama angepiga tena. Sitaki uniambie kwamba sayansi na dini ni kitu kimoja, kwa sababu si kimoja, na ukisema hivyo nitaacha kukusoma. Wala usiniambie kwamba mimi ndiye niliyeshinda, ingawa nadhani, tukipima kwa haki, nilishinda. Ila lile "tu" la binti yangu halinitoki masikioni, na kila nikitaka kulikataa namkumbuka mwenyewe akilisema kwa furaha, kama mtu aliyegundua kwamba baba yake na baba yake mdogo ni ndugu kweli.

Uzi bado uko mlangoni. Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, anauvuta pembeni, anauachia, anahesabu kumi na kuandika: ishirini. Leo ukurasa una mistari mitatu. Haniulizi kitu, nami sijui kama anapima au ananisubiri. Kukipambazuka nataka kumwambia habari ya Vulcan kabla hajaugusa ule uzi, lakini yeye ana miaka kumi na minne, na niliyemficha si mdogo wangu, ni yeye. Nianzie wapi, Shangazi?

Mwalimu asiyelala