Salamu za Noeli kwa ukoo wote, kutoka kwa asiyekula sambaza

Wapendwa Mama Mdogo, mashemeji, wakwe zetu, watoto na wajukuu, mlio hapa Bukavu, Kadutu hadi Bagira, nanyi mlio mbali, Kinshasa, Bujumbura na ng'ambo: Noeli Njema, na Bonana ya mwaka mpya 2026. Mungu awajalie afya, amani na riziki. Amina.

Salamu zingeweza kuishia hapo, maana kila mtu anajua mwaka huu tumeupita namna gani. Tangu vita viingie mjini mwezi wa pili, benki zimefungwa, mishahara imekuwa hadithi, na mwenye faranga anazihesabu mara mbili kabla ya kuzitoa mfukoni. Pale soko la Kadutu, fungu la sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu, linazidi kuwa dogo, bei inazidi kupanda. Mama muuzaji akiona umesimama sana bila kununua, anaongeza samaki wawili juu ya fungu, halafu anageukia mteja mwingine ili usipate nafasi ya kumshukuru.

Mimi lakini, hata wakishuka bei, sambaza sitawala. Nina jongo. Wanaoujua ugonjwa huu wanajua kwamba usiku hata shuka likigusa kidole gumba cha mguu, unapiga kelele. Daktari aliniandikia orodha ambayo ukiisoma utadhani aliwahi kuketi mezani kwetu siku ya Noeli: nyama ya mbuzi kidogo sana, maini na matumbo hapana, supu ya mifupa hapana, bia hapana, kasiksi (pombe ya ndizi) hapana, soda yenye sukari hapana. Vyote hivyo vinazidisha asidi ya yuriki katika damu, na ikizidi inaganda ndani ya kiungo kama chembe za kioo. Samaki wadogo wa jamii ya ndagala (dagaa) wako juu kabisa ya orodha, na sambaza ni wa jamii hiyo hiyo. Waliletwa ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa hiyo babu zetu walisherehekea Noeli bila wao. Najiambia hivyo mara nyingi. Haisaidii.

Niliyoachiwa siyo mabaya: bugali, sombe (majani ya mihogo), lengalenga (mchicha), mashanza (maziwa ya mgando), na maji mengi. Hata maharagwe, ambayo zamani wenye jongo walikatazwa, siku hizi yanaruhusiwa.

Yaya, dada yangu mkubwa, alitutoka mwezi wa tano. Wa Kinshasa walilia matanga kwenye simu, kwa kuwa ndege zilikuwa hazitui Kavumu, uwanja wetu wa ndege. Mnakumbuka alivyokaanga: mafuta ya mawese yakitoa moshi, sambaza wamekaushwa kwa kitambaa ili yasiruke, chumvi, ndimu mwishoni. Wa kwanza kuiva aliwaweka juu ya mfuniko wa sufuria, upande wa mlango, na kila mtu alijua ni wangu. Niliwala nimesimama, mzee mzima mwenye wajukuu, kabla wageni hawajafika. Noeli iliyopita orodha ya daktari ilikuwa imeshatoka. Mimi sikumwambia, nadhani mke wangu alimwambia. Nilipoingia jikoni nikakuta juu ya mfuniko ule lengalenga na karanga, ya moto. Yaya aliendelea kukaanga, hakusema neno.

Basi ndugu zangu, fanyeni kama yeye. Katika kila nyumba yetu yuko mwenye sukari, mwenye tansio anayekatazwa makayabo (samaki wa chumvi), au mtoto ambaye tumbo lake linakataa maziwa. Msimwambie, "Onja tu, Noeli ni mara moja kwa mwaka." Baada ya Noeli kuna Bonana, kisha ubatizo, arusi, kumaliza matanga, hiyo mara moja inarudi kila Jumamosi. Msimtangaze mbele ya wageni, wala msiseme anaringa. Mpikieni chake, mkiweke pamoja na vingine, basi. Nanyi vijana, punguzeni chupa. Nendeni mkapimwe mkiwa bado mnatembea vizuri. Mwenye kuchinja akumbuke jirani ambaye jiko lake mwaka huu halitoi moshi, maana tumbo linaloshiba peke yake halina baraka. Katekista wetu hupenda kunikumbusha Danieli na wenzake, waliokula mboga na maji siku kumi wakanawiri. Sawa, lakini Danieli alichagua mwenyewe, tena hakuzaliwa kando ya ziwa Kivu.

Mungu awafariji wenye matanga, awaponye wagonjwa, awarudishe waliokimbia, na mwaka mpya uwe wa amani katika Kivu yetu.

Tarehe 1, baada ya misa ya pili, tunakutana kwangu. Atakayeleta sambaza alete, awakaange uani. Harufu daktari hakuikataza. Wa Bagira, njooni na viti, vyangu havitoshi.

Bonana kwenu wote!