Njano ikififia, dawa bado haijapatikana

Mhariri,

Habari za "dawa mpya ya Alzheimer", ugonjwa wa ubongo unaopoteza kumbukumbu, mara nyingi humsifu mtafiti aliyezuia kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali mwilini) kwenye kisahani cha maabara. Tungependa wasomaji wajue kisahani hicho huonyesha nini, na hudanganya vipi.

Kimeng'enya chenyewe, asetilikolinesterasi, huvunja asetilikolini, kemikali ambayo neva hupelekeana ujumbe nayo na ambayo huwa haba kwenye ubongo wa mgonjwa. Kipimo ni kile cha Ellman cha mwaka 1961. Katika kila kishimo cha kisahani unatia bafa ya fosfeti ya pH 8 (maji yanayodumisha kiwango cha asidi), kimeng'enya, molekuli unayoijaribu na DTNB, kitendanishi cha kutoa rangi; unangoja dakika 10 au 15, kisha unaongeza asetilithiokolini, inayofanana na asetilikolini. Kimeng'enya huikata, thiokolini inayotoka hukutana na DTNB, na maji hugeuka njano, inayosomwa kwenye nanomita 412. Njano ikififia, watu hushangilia.

Wasiharakishe. Pengine molekuli imeinyakua thiokolini, na kimeng'enya hakijaguswa kabisa. Tia thiokolini iliyokwisha kutengenezwa, bila kimeng'enya: rangi ikipungua hapo pia, umedanganywa. Molekuli nyingine hujikusanya madonge yanayokinasa kimeng'enya. Rudia ukiwa na Triton X-100, aina ya sabuni, ya asilimia 0.01, na uzuiaji ukitoweka, achana nayo. DMSO, kimiminika cha kuyeyushia molekuli, nayo huzuia kimeng'enya hiki, kwa hiyo kishimo cha kulinganishia lazima kiwe na kiasi kilekile. Tena wengi hutumia kimeng'enya cha mkunga wa umeme kwa kuwa ni rahisi kukipata. Mgonjwa si mkunga.

Baada ya hapo dawa lazima ipenye kutoka damu hadi ubongo, na isiumize ini. Takrini, dawa inayozuia asetilikolinesterasi, iliruhusiwa Marekani mwaka 1993, ikaja kuondolewa sokoni kwa kuumiza ini. Verubesestati, inayozuia kimeng'enya kingine, BACE1, ilishusha beta-amiloidi, protini inayorundikana kwenye ubongo wa mgonjwa, kama ilivyokusudiwa, lakini majaribio yake yalisimamishwa 2017 na 2018: wagonjwa hawakupata nafuu, na baadhi ya waliokuwa hatua za mwanzo walizidi kudhoofika.

Hata donepezili, dawa nyingine inayozuia asetilikolinesterasi, inayotumika tangu 1996, hupunguza dalili tu, haiponyi. Lakini ndiyo kipimo cha kulinganishia. Molekuli inayohitaji ukolezi wa mikromola 10 ili kuzuia nusu ya kazi ya kimeng'enya inasikika ya kutosha, ilhali donepezili hutosheka na makumi ya nanomola au pungufu (nanomola ni sehemu ya elfu ya mikromola). Waandishi wenu wakipelekewa ugunduzi, wamuulize mtafiti: donepezili kwenye kisahani hichohicho ilitoa namba gani?

Wakemia wa dawa,
Dar es Salaam