Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kipito cha Rubeho na Maji ya Chunyo

Wazee wetu, ndugu wanachama, na wageni mliotoka Dodoma mjini, Kilimatinde na Kilosa, mbukwenyi.

Hesabu za chama atazisoma mweka hazina, na idadi ya wanachama wapya ataieleza katibu. Nimewaomba waniachie mimi habari za mlima, kwa kuwa mwaka huu ndio mara ya kwanza tangu tuanze chama kupanda milima ya Rubeho kwa miguu yetu. Miaka yote tulikuwa tukiijadili njia ya zamani ya misafara ya kutoka pwani tukiwa tumekaa kivulini. Mwezi wa nane tuliamka alfajiri, tukaenda kuiona.

Walionikosoa kwa kuchagua mwezi wa nane, nawajibu hapa. Nilitaka tupande wakati wa kipupwe, karibu na majira waliyopanda wapelelezi Waingereza Richard Burton na John Hanning Speke, Septemba 1857, wakitoka pwani kwenda Kazeh, yaani Tabora ya leo. Wenyeji wetu wanajua maana ya jina Rubeho bila kufungua kitabu: mbeho ni upepo, ni baridi. Pale juu upepo haukati. Mama mmoja wa kamati alifunga khanga mbili kichwani na bado meno yalimgongana, na sisi ni watu wa Ugogo tuliozoea jua la kupasua mawe.

Burton alikiita kipito hiki cha kutisha. Yeye na Speke walikuwa na homa kali, na kupanda kuliwachukua muda wa saa sita, wakipumzika kila baada ya hatua chache. Speke alikuwa hoi hata akalazimika kushikiliwa na watu wawili watatu ili asianguke. Hayo yanasimuliwa kila mahali kama ushujaa wa wazungu wawili. Mimi nimeyasoma miaka mingi bila kujiuliza swali lililonijia siku ile nikiwa katikati ya mlima, nikihema, mkono mmoja kwenye jiwe: hao waliomshikilia Speke walikuwa akina nani? Nao walikuwa wanapanda mlima uleule. Wenzao walikuwa mbele wakiwa na mizigo kichwani na begani. Sidi Mubarak Bombay, Mwafrika aliyewatumikia safarini, tunamjua kwa jina. Wengi wa wale wengine hatuwajui.

Kwa hiyo tulifanya jaribio, na naomba mnivumilie nilieleze kirefu. Mzigo wa mpagazi ulikuwa frasila mbili, karibu kilo 32. Tulijaza mchanga kwenye kiroba, tukapima kwenye mizani ya muuza nafaka sokoni, tukakifunga kwa kamba ya katani kuwa mtumba mrefu kama walivyofunga wao. (Neno ni lilelile. Mitumba ya nguo tunayonunua leo ilirithi jina la mzigo huo.) Kijana wetu mmoja, dereva wa bodaboda, mwenye mabega mapana, akajitwika. Mwanzoni alikuwa akiimba. Baada ya muda mfupi aliacha kuimba. Kisha akawa anahamisha mzigo kutoka bega la kulia kwenda la kushoto, tena la kushoto kwenda la kulia, kila mara haraka zaidi. Haikufika nusu saa akautua, akakaa juu yake, akavua shati kutuonyesha. Kamba ilikuwa imemchora mstari mwekundu toka shingoni hadi kwapani. Akaniuliza, "Mzee, hawa walikwenda hivi mpaka Ujiji?" Nikamwambia ndiyo, kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji ni kama kilomita 1,200, na aliyefika alitakiwa kurudi.

Wanyamwezi waliifanya kazi hii kizazi baada ya kizazi, kwa ujira, kwa fahari, wakiwa na kirangozi wao, yaani kiongozi wa msafara, mbele na bendera yake. Lakini si wote waliopita hapa kwa ujira. Wengine walipita wamefungwa shingoni, na meno ya tembo juu ya mabega yao. Njia ya pembe ilikuwa njia ya watumwa. Tulipokuwa tukikusanya simulizi za wazee msimu uliopita, habari za hongo, yaani ushuru wa kupita, na za njaa zilitoka kwa urahisi, ila hili watu walilinyamazia. Mzee mmoja alisema tu kwamba bibi yake hakupenda watoto wacheze na mnyororo wa ng'ombe. Hakueleza zaidi, na hatukumlazimisha. Nimeagiza liandikwe hivyohivyo kwenye daftari letu, bila kuongezewa neno.

Sasa niteremke kutoka mlimani, maana mlima peke yake si habari yote. Njia za kuvuka zilikuwa zaidi ya moja. Moja ilipita Rubeho, nyingine ilizunguka na kuja hapa Mpwapwa, ikatokea Chunyo. Uwe umepita huku au kule, ukielekea magharibi ulikuwa na adui mmoja mbele yako, nyika ya Marenga Mkali. Jina lenyewe linasema ni maji makali, na hata hayo makali huyapati katikati ya nyika. Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley, aliyepita Mei 1871 akimtafuta mmisionari na mpelelezi David Livingstone, aliikadiria nyika hiyo kuwa na upana wa zaidi ya maili 30. Misafara iliyokuwa imeongozana kwa umbali ilisubiriana Chunyo ili ivuke pamoja. Waliondoka wakati wa mchana, wakatembea mpaka giza, wakalala bila maji, wakaendelea alfajiri. Mwendo huo wa jioni waliuita terekeza.

Siku ya pili ya safari yetu tulilala Chunyo kwa makusudi. Tulichota maji, tukayachemsha, tukatia majani na sukari. Chai ilikuwa na ladha ya magadi. Sukari iliongezwa mara mbili, ladha ikabaki. Nilikunywa kikombe changu mpaka mwisho, na nilifurahi kuona vijana nao wamekunywa, kwa sababu hapo ndipo walipoelewa kwa ulimi kitu ambacho nimeshindwa kukieleza kwa hotuba: kipito cha mlima kinavukwa kwa miguu, lakini kinawezekana kwa maji.

Na maji yalikuwa na wenyewe. Babu zetu walichimba visima kwenye mchanga wa makorongo, wakavilinda, wakavigawa. Mtemi aliyeruhusu msafara wa mamia ya watu kunywa katika mwezi wa kumi alikuwa anatoa kitu ambacho ng'ombe wake mwenyewe walikihitaji. Alidai hongo, akalipwa kwa vitambaa vya merikani na kaniki, na kwa ushanga. Siku hizi hongo ni neno la aibu, na linastahili aibu hiyo. Lakini ile ya Ugogo ilidaiwa mchana, mbele ya watu, na kila msafara uliijua kabla haujaondoka pwani. Wageni waliandika kwamba Wagogo ni wakorofi na wanyang'anyi. Zipo habari za watemi waliozidisha, sikatai. Lakini aliyelala bila maji Marenga Mkali na kukuta kisima Ugogo hana budi kukiri kwamba alikuta kazi ya mikono ya watu.

Mwezi wa saba, kwenye kikao chetu, binti wa mwanachama mmoja ambaye ni mwalimu wa jiografia alituonyesha picha za kipito cha Great St Bernard, kati ya Uswisi na Italia, mita 2,469 juu ya usawa wa bahari. Baadhi yenu mlilalamika baadaye kwamba theluji ya Ulaya inatuhusu nini. Nadhani inatuhusu sana. Pale njia hufungwa na theluji zaidi ya nusu mwaka. Warumi walikitumia kipito hicho, na tangu karne ya 11 watawa wamekuwa na nyumba pale juu ya kupokea wasafiri, ndiko walikofugwa wale mbwa wakubwa waliopata sifa ya kuokoa watu waliopotea kwenye theluji. Mei 1800 Napoleon alivusha jeshi lake hapo, askari wakikokota mizinga iliyolazwa ndani ya magogo yaliyochongwa kama mtumbwi. Mwaka 1964 handaki la magari likafunguliwa chini ya mlima. Hata hivyo njia ya juu hawakuitupa. Watu bado wanaipanda wakati wa kiangazi, na nyumba ya watawa bado inapokea wageni. Kule kilichoua ni baridi, huku ni kiu. Kule wametunza nyumba iliyookoa watu. Huku visima vilivyookoa watu vinafukiwa na mchanga, na hakuna hata jiwe moja lenye maandishi.

Sisi pia tumepata mahandaki yetu. Reli ya kwanza ilifika Dodoma mwaka 1910, nayo haikupanda Rubeho. Ilifuata bonde la mto Mkondoa kutoka Kilosa kuja Gulwe. Kazi ya wapagazi ikaisha. Ila mlima hauachi kudai. Mvua za Desemba 2009 na Januari 2010 zilisomba reli kati ya Kilosa na Gulwe. Na tarehe 24 Juni 2002 treni ya abiria ilishindwa kupanda kati ya Msagali na Igandu, breki zikakataa, ikarudi nyuma kwa kasi na kugonga treni ya mizigo. Watu 281 walipoteza maisha. Wapo ukumbini hapa waliokwenda siku ile kutafuta ndugu zao. Kabla sijaendelea, naomba tusimame dakika moja.

Ahsanteni. Tangu mwaka 2024 reli ya kisasa inapita mahandaki ya milima ya Kilosa, na abiria anatoka Dar es Salaam asubuhi akala chakula cha mchana Dodoma. Nimeipanda mara mbili, nimeifurahia kwa dhati. Mara zote mbili nilikaa dirishani upande wa milima, na jirani yangu wa kiti hakujua jina la hata mmoja.

Lipo jambo lililoniuma mwaka huu, na wanachama wana haki ya kulisikia kutoka kwangu. Ile kambi ya zamani yenye mibuyu mitatu, ambayo tuliwaandikia wahusika kuiombea ulinzi, imechimbwa kifusi. Mkandarasi mmoja alipitisha greda, mbuyu mmoja umeng'olewa, na mafiga ya mawe tuliyoyapiga picha mwaka juzi hayapo tena. Nilikwenda mwenyewe. Nilikuta shina limelala, ndani limejaa maji bado, na watoto wanakunywa kwa mikono. Barua zetu mbili hazikuwa zimejibiwa. Kosa letu ni kwamba tuliandika barua tukangoja. Tulipaswa kwenda kwa mwenyekiti wa kijiji na kuweka alama wiki ileile. Yeye aliniambia kwa huzuni kwamba hakuwahi kuelezwa pana nini pale.

Hapo ndipo linatoka pendekezo la kamati, nanyi mtalipigia kura. Mpwapwa na Kilimatinde zimo kwenye orodha ya awali ya UNESCO ya njia ya kati ya watumwa na pembe, tangu 2006. Ni jambo zuri, lakini orodha hailindi mti. Awali tulipanga kutumia akiba yetu kuweka kibao kikubwa juu ya kipito cha Rubeho. Naomba tubadili. Fedha hiyo iende kwenye visima: Chunyo kwanza, kisha vile vya makorongoni tulivyoonyeshwa na wazee. Kila kisima kisafishwe, kijengewe ukingo, na jiwe lenye maandishi ya Kiswahili na Kigogo likitaja wapagazi na wenye maji. Majina machache tunayoyajua yawepo. Akina Susi na Chuma, walioubeba mwili wa Livingstone mpaka Bagamoyo mwaka 1874 pamoja na wenzao, yafaa wakumbukwe kwenye njia hii ya kati waliyoihudumia.

Wanachama wa Kibakwe wameomba tuongeze jambo la misitu ya juu, Mang'alisa na Mafwemiro. Nakubaliana nao kabisa. Kule Mafwemiro yupo kware ambaye wataalamu walimgundua mwaka 2000 tu, na maji ya makorongo yetu yanaanzia kwenye ukungu wa misitu hiyo. Likijadiliwa leo, nitaunga mkono.

Kwa wale mlionipendekeza niendelee kwenye kiti, nashukuru. Nitaendelea mwaka mmoja, si zaidi, kwa sharti kwamba kijana aliyebeba kiroba awe makamu wangu. Ameshakubali.

Kazi ya kusafisha kisima cha Chunyo itaanza Jumamosi ya kwanza baada ya mavuno. Gari litaondoka stendi ya Mpwapwa saa kumi na mbili asubuhi. Kila mtu aje na jembe au sepeto, kofia, na lita tano za maji ya kunywa. Majani ya chai nitaleta mimi.