Dakika 75 Hazitoshi, Mwanangu

Mwanangu,

Tiketi ulizonitumia nimezisoma mara tatu, na kila mara jicho linagota palepale: dakika 75 za kubadilisha ndege pale JFK, uwanja wa New York. Hazitoshi.

Hesabu yako nimeiona. Singapore hadi New York ni kama kilomita 15,300, umegawa kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa, ukapata saa 17. Kugawa unajua, hilo silikatai. Lakini ndege hujikokota kwanza hadi kwenye njia ya kurukia, hupanda polepole, na mwisho hungoja zamu ya kutua. Isitoshe, mara nyingi marubani wa njia hiyo hufuata upepo mkali juu ya Pasifiki, hata kama kilomita zinaongezeka. Ndiyo maana ratiba imeandika saa 18 na nusu. Muda huo huhesabiwa tangu ndege inapoachia lango hadi inaposimama kwenye lango jingine, si magurudumu yanapogusa lami.

Na hizo "saa tano na nusu tu" za safari ulizomwambia dada yako? Umetoa 00:05 ya kuondoka Singapore kwenye 05:35 ya kufika New York. Kila saa kwenye tiketi ni ya mji wake! Januari New York iko nyuma ya Singapore kwa saa 13, kiangazi 12. Ongeza hizo 13 uone.

Tena 00:05 ya tarehe 14 ni usiku wa kuamkia tarehe 14. Uwe uwanjani tarehe 13, saa tatu usiku. Ukienda saa tatu usiku ya tarehe 14, ndege yako itakuwa imeshatua New York.

Turudi kwenye dakika 75. Marekani si mahali pa kushuka na kutembea tu hadi lango la pili. Utapanga foleni ya pasipoti, utangoja begi kwenye mkanda, utapita forodha. Kisha, kwa kuwa tiketi zako ni mbili mbalimbali, utalikokota begi hadi AirTrain, treni ya humo uwanjani, uende jengo jingine, ulikabidhi upya, upange foleni ya ukaguzi. Kaunta za mizigo hufungwa dakika 40 hadi 60 kabla ya ndege kuondoka. Toa hizo kwenye 75 uniambie umebaki na nini, na hapo ya kwanza haijachelewa hata kidogo. Ukiachwa, shirika la pili litakuandika hukutokea, na pesa imekwenda. Ingekuwa tiketi moja, wangekutafutia ndege nyingine bila kukutoza.

Ninajua ni nani aliyekuambia ununue mbili kwa kuwa bei ni rahisi. Basi, huyohuyo atalipa tofauti. Ibadilishe ya pili, kati ya kutua na kuruka zipite angalau saa nne.

Pawabanki iwe kwenye begi la mkononi, usiitie kwenye la kukabidhi. Soksi za kubana uzivae kabla ya kupanda, na uinuke utembee. Hukunisikiliza safari iliyopita.

Ufunguo wa kabati lako uliuweka wapi? Mablanketi yote yamo humo. Dada yako anakitaka chumba, nimemwambia angoje kwanza.

Ile ya pili umeshaibadilisha?