Neno lililoandikwa kwenye pakiti

Mwanangu Baraka,

Marahaba. Tangu Jumapili uliponiambia umemeza Piriton ya mafua kisha ukashika usukani kwenda kazini, sijatulia. Umesema pakiti ina neno "drowsy", na simu ikakutafsiria "kuwa na usingizi", nawe usingizi hukuwa nao. Hapo ndipo ulipokosea, baba. Na wewe ndiye uliyeleta A ya Kiingereza nyumbani!

"Drowsy" ni kusinzia, lile lepe linalomchukua mtu angali anajiona yu macho. Waingereza wanaliandika tangu miaka ya 1520, na wanaochunguza asili ya maneno wanalihusisha na neno la Kiingereza cha kale, drusian, yaani kuzama, kulegea. Ndugu yake ni dreosan, kuanguka. Mtazame abiria wa dirishani kwenye basi la Dodoma: kichwa kinashuka polepole, kinagonga kioo, anashtuka, kinashuka tena. Muulize, atakuambia hakulala. Ndiyo maana kujipima mwenyewe hakutoshi. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, sekunde tatu za lepe ni zaidi ya mita 60 gari likienda peke yake.

Kwenye karatasi ya ndani utakuta "somnolence". Ni jambo lile lile kwa Kilatini, somnus, usingizi. Huko Uingereza uliko, lebo za wafamasia zilirahisishwa mwaka 2011, siku hizi zinasema "may make you sleepy", yaani huenda ikakutia usingizi. Ukiona lolote kati ya hayo, usiendeshe.

Piriton huingia hadi kwenye ubongo na kuizuia histamini, na histamini ni mojawapo ya vitu vinavyotuweka macho. Kidonge cha saa nne usiku bado kimo mwilini alfajiri. Cetirizine, dawa nyingine ya jamii hiyo, miligramu 10 mara moja kwa siku, huingia kidogo, ndiyo maana pakiti huandikwa "non-drowsy". Lakini kidogo si sifuri. Kidonge chake cha kwanza kimeze siku usiyoendesha. Usichanganye na dawa ya mafua ya usiku, mara nyingi ina dawa ya jamii ile ile ndani yake. Pombe ndiyo kabisa, na unanielewa. Sheria ya huko haijali kwamba dawa ni halali. Ukiendesha imekulegeza, ni kosa.

Hapa nyumbani vidonge vilikuwa vinatoka kwenye bahasha ya kaki isiyo na maandishi, na mtu hasomi asichowahi kuonyeshwa. Hilo si kosa lako.

Tangi la maji limepasuka, fundi anataka laki mbili. Usitume hela kabla hujalipa kodi yako. Shangazi anakufumia sweta, anataka kipimo cha mabega. Neema ameanza mitihani.

Ile Piriton iliyobaki bado iko garini? Itoe leo, kisha nipigie.

Mama