Shukrani kwa fundi wa Gisenyi

Memori kadi yenye ushuhuda wa akina mama wanaochuuza mpakani, kati ya Goma (Kongo) na Gisenyi (Rwanda), iligoma kusomeka: ilichomolewa kwenye kamera ikiwa kamera bado inaandika. Fundi mmoja, asiyetaka kutajwa jina, alitukataza kuifomati (kuifuta ianze upya) wala kurekodi juu yake. Alisukuma kifungio cha ubavuni mwa kadi isiandikwe tena, akanakili kadi nzima kwenye diski, kisha akafukua video kutoka kwenye nakala, si kadi yenyewe. Wengi hufukua kwenye kadi yenyewe, na hapo ndipo hupoteza kila kitu. Bila kuombwa, akafuta alama za mahali, zinazoonyesha video ilipigwa wapi, kwenye faili za kusambaza, akatuonyesha kuziba nyuso kwa rangi nzito, maana ukungu mwepesi hausitiri shahidi. Malipo alikataa. Ahsante sana, ndugu yetu. Nanyi mafundi, mkiletewa kadi ya namna hiyo, anzeni na nakala.