Mwigizaji akiondoka, msimpe mwingine jina lake

Mhariri,

Kila mwigizaji kipenzi anapoaga kipindi cha vichekesho, kurasa za burudani hujaa maombolezo: basi tena, utamu umekwisha. Sikubaliani. Kuondoka kwa mwigizaji hakuui kipindi. Kinachokiua ni waandishi kujifanya hakuna aliyeondoka.

Ushahidi wangu ni M*A*S*H, kipindi cha madaktari wa jeshi la Marekani katika Vita vya Korea, kilichorushwa na kituo cha televisheni cha CBS cha Marekani kuanzia 1972 hadi 1983. Mwaka 1975 McLean Stevenson, aliyeigiza kamanda Henry Blake, aliamua kuondoka. Ingekuwa rahisi kumrudisha Blake kwao salama. Badala yake karani wake, Radar, aliingia chumba cha upasuaji akatangaza kwamba ndege iliyombeba kamanda imedunguliwa na hakuna aliyepona. Watazamaji wengi walikasirika. Kwangu mimi kipindi kilikomaa siku ile, maana tangu hapo hakuna mhusika aliyekuwa na hakika ya kufika nyumbani, na mizaha ya Hawkeye, daktari aliye mhusika mkuu, ikaanza kusikika kama ya mtu anayejizuia kulia.

Aliyekuja baadaye, Kanali Potter, hakuwa Blake wa pili. Blake aliburuzwa na vijana wake; Potter, mwanajeshi mkongwe, aliwatawala kwa huruma ya mzee aliyeona vita vingi. Ikabidi Hawkeye naye abadilike, kwa kuwa sasa alikuwa na mkubwa anayemheshimu.

Mwaka huohuo Wayne Rogers, aliyeigiza Trapper John, daktari rafiki wa Hawkeye, naye aliondoka, na hakuna tukio la kuagana lililorekodiwa. Waandishi waliligeuza pengo hilo kuwa hadithi. Hawkeye anakimbilia uwanja wa ndege, anakuta rafiki yake ameshaondoka bila kumwachia hata kikaratasi. Hapohapo anakutana na BJ Hunnicutt, daktari mgeni aliyekuja kushika nafasi ya Trapper, mpole anayempenda mkewe na binti yake mchanga. Jeraha lile halikusahauliwa. Katika kipindi cha mwisho, Februari 1983, Hawkeye anamlaumu BJ kwa kushindwa kutamka kwaheri, na helikopta inapopaa anaona neno hilo limepangwa kwa mawe ardhini. Pasipo Trapper kutoweka miaka minane nyuma, mawe yale yasingekuwa na uzito wowote.

Tazameni pia Klinger, mwanajeshi wa kambi ileile. Alivaa magauni ili aonekane mwendawazimu na kufukuzwa jeshini. Gary Burghoff, yaani Radar, alipoaga mwaka 1979, Klinger alikabidhiwa meza ya karani, na kazi ikamfundisha uwajibikaji. Mwishoni anaoa Mkorea, Soon-Lee, na yeye aliyehangaika kuliko wote arudi kwao ndiye anayebaki Korea kumsaidia mkewe kuwatafuta wazazi wake.

Sasa linganisheni na The Fresh Prince of Bel-Air, kipindi cha vichekesho cha Marekani kuhusu kijana Will anayeishi kwa Vivian, dada wa mama yake, pamoja na watoto wa Vivian, akiwemo Carlton. Baada ya msimu wa tatu, Janet Hubert hakurudi kama Vivian, na mwaka 1993 Daphne Maxwell Reid alipewa jina lilelile, mume yuleyule, watoto walewale. Jazz, rafiki wa Will, akatania kwamba mama huyu amebadilika tangu ajifungue, Will akaitazama kamera, mambo yakaisha. Nilicheka. Lakini yule Vivian wa kwanza, profesa asiyekubali kupuuzwa, mwenye ndoto ya kucheza dansi, hakuonekana tena. Simlaumu Daphne hata kidogo: alikabidhiwa jina bila historia yake. Hata Will na Carlton hawakupata nafasi ya kumkosa mtu aliyewalea, wala kujenga uhusiano na mtu mpya.

Basi nawaomba waandishi wenu wa burudani, mwigizaji mwingine atakapoaga, wasiishie kuuliza nani atachukua nafasi yake. Waulize pia kama wahusika wanaobaki wataruhusiwa kumkosa.

Msomaji wenu,
Mombasa